Gambuti Zangu na Chupa ya Tatu

Ngoingwa, Jumamosi

Wanjiru, maitu, binti uliyebeba jina la mama yangu,

Chupa ya tatu ya maji ya kinamasi cha Ruiru imepatikana na vinasaba vya fisi maji. Amesema hivyo Daktari Mwende, mkuu wa maabara yenu pale Juja, katika ripoti aliyoituma Jumanne, na jina lako liko chini ya lake. Chupa ya kwanza na ya pili hazikuwa na kitu. Hiyo ndiyo habari mpya kabisa, na wewe unaijua. Kuna nyingine ambayo Daktari Mwende haijui na wewe huijui: huenda vinasaba hivyo nilivileta mimi, kwa gambuti zangu, kutoka mto Chania.

Nimeliweka jambo hilo mwanzoni kwa sababu ndivyo nilivyoandika habari za gazeti maisha yangu yote, na kwa sababu nikiliacha la mwisho huenda nisilifikie. Mambo ya blanketi, sufuria na dawa ya mbu ameyashughulikia mama yako. Nasikia anapiga pasi chumba cha pili, blauzi ile ile kwa mara ya tatu. Kesho saa mbili asubuhi unapanda basi la Kisumu kuanza kazi kwenye maabara ya ziwa. Nataka uende ukijua.

Nianze na siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu zilizopita. Mlikuwa mmepungukiwa mtu mmoja na gari, ukaniomba nikupeleke. Njiani ulinieleza kazi yenu upya, maana mara ya kwanza ulipoieleza nilikuwa nasoma gazeti. Ulisema kila kiumbe kinachopita majini kinaacha kitu nyuma yake, ngozi, mate, manyoya, kinyesi, na ndani ya vitu hivyo kuna vinasaba. Mnachota maji, mnayachuja kwa karatasi nyeupe ndogo kama kifuniko cha soda, na mashine ya maabara inasoma kilichobaki kwenye karatasi. Hamhitaji kumwona mnyama mwenyewe.

"Ni kama kuingia nyumbani kwa Mama Shiko," ulisema. "Ukifungua tu mlango unajua jana walipika matumbo. Hujaona sufuria, hujaona matumbo."

"Na kama matumbo yalipikwa kwa jirani, harufu ikaingia dirishani?"

"Ndiyo maana tunavaa glavu, Baba."

Ulicheka. Nilicheka pia. Halafu, tuliposimamisha gari, ulisema jambo moja, na ulilisema ukiniangalia machoni: "Baba, usiingie kwa maji na gambuti zako. Kuna zingine kwa mfuko, zimeoshwa na klorini." Nikasema sawa. Nililisikia vizuri. Sitasema sikulisikia.

Gambuti zile nilikuwa nazo Chania siku iliyotangulia, Ijumaa. Nilikwenda chini ya maporomoko kupiga picha za watu wanaofulia mazulia mtoni. Mlinzi wa pale aliniambia fisi maji hupita kwenye mawe yale karibu kila wiki, akanionyesha kinyesi chao. Nilitaka kuona kama ni kweli wanakula kaa, nikakivuruga kwa ncha ya gambuti mpaka maganda yakaonekana. Kilikuwa kibichi. Nilipangusa mguu kwenye nyasi, nikatupa gambuti nyuma ya gari, nikarudi nyumbani kula.

Sasa kinamasi. Ulichota chupa ya kwanza juu kabisa, panapotoka chemchemi. Ya pili ukaichota hatua chache chini yake. Halafu ukashuka mpaka penye shamba la nduma la Cucu Njoki, yule bibi mkulima, kuchota ya tatu. Jua lilikuwa linatokeza juu ya yale maghorofa. Ulikuwa umeinama, pampu mkononi, kitambaa chekundu kichwani, na niliona picha. Ukingoni pangenipa mgongo wako tu. Nikaingia majini na gambuti zile zile za Chania, hatua nne au tano, juu yako kidogo, nikapiga mara mbili, nikatoka. Ulikuwa unahesabu mililita. Hukugeuka.

Picha hiyo ndiyo mama yako ameitia fremu na kuitundika juu ya televisheni. Ndiyo uliyoiweka kwenye simu yako. Shangazi yako wa Gatanga ameituma kwenye kundi la ukoo na watu wameandika "hongera daktari" ingawa hujawa daktari. Hakuna aliyeuliza aliyeipiga alikuwa amesimama wapi. Ukiitazama upande wa kushoto, chini, kuna tope limepanda ndani ya maji safi, linaelekea kwako. Tope hilo ni langu.

Niligundua jambo hili Jumanne jioni, baada ya ripoti. Nilikuwa nimefurahi kuliko nilivyokuonyesha. Nikakaa mezani kuisoma mara ya pili, polepole, kama ninavyosoma ripoti za watu nisiowajua, na nikafika pale panaposema chupa mbili za juu hazina kitu na ya chini inacho. Nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mtu mwingine yeyote: kati ya ya pili na ya tatu kulikuwa na nini? Daftari lako la kazini lilikuwa pale pale mezani. Umeandika: chupa ya tatu, saa moja na dakika arobaini na nne. Kamera yangu imeandika saa moja na dakika arobaini na moja. Dakika tatu. Maji yale hutiririka polepole, lakini kati yetu palikuwa na hatua nane tu, na nilizipima tena leo kwa miguu yangu, nikiwa ukingoni.

Najua utauliza kuhusu ile chupa ya maji safi mliyoifungua pale pale na kuipima pamoja na zingine ili kujua kama mikono au vyombo vilikuwa vichafu. Ilitoka safi. Lakini chupa hiyo ingekuambia kuhusu glavu zako, pampu yako na vifuniko vyako. Kuhusu mguu wa mtu aliyesimama majini juu yako haina la kusema. Ulifanya kila kitu sawa. Andika hivyo popote utakapoulizwa.

Kwa nini niliingia? Nimejiuliza siku nne. Picha ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni ya zamani, na sijawahi kukueleza yote.

Ulikuwa na miaka sita. Kampuni moja ilitaka kujaza kinamasi kile udongo na kujenga, na watu wa Ruiru walikuwa wamegawanyika. Mtaalamu mmoja alitembea ukingoni asubuhi mbili. Nilimpigia, akaniambia, nanukuu daftari langu ambalo bado ninalo, "Hatukuona dalili yoyote ya fisi maji." Nikaenda mwenyewe mchana mmoja. Nilimkuta Cucu Njoki, ambaye wakati huo alikuwa bado haitwi cucu, amesimama kwenye nduma zake maji yakimfika magotini. Nikamuuliza kama kuna fisi maji.

"Wako," alisema. "Mimi naona wao. Wanakula kaa hapo kwa hiyo jiwe, wanaacha maganda kama watu wamefanya sherehe. Njoo asubuhi mapema utaona."

Niliandika maneno yake. Sikurudi asubuhi mapema. Habari ilitakiwa mezani kwa mhariri saa kumi, Cucu hakuwa na cheo cha kuweka mbele ya jina lake, na habari ilikuwa nzuri zaidi bila yeye. Nikaandika kwamba fisi maji wametoweka Ruiru. Mtaalamu alisema hawakuona. Mimi niliandika hawapo. Kwenye daftari ni mstari mmoja, kwenye gazeti ni neno moja, na hakuna aliyenipigia kulalamika.

Miezi michache baadaye nilikwenda ofisi ya mipango kwa jambo lingine kabisa. Karani alinipa faili la kinamasi nilipitie. Habari yangu ilikuwa imebanwa humo, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, kama ushahidi kwamba pale hakuna kiumbe cha kulindwa. Nilimwambia mhariri tuandike masahihisho. Aliniuliza, "Kwani wameonekana?" Nikasema hapana, lakini hatujui kama hawapo. Akasema, "Basi hakuna cha kusahihisha," akarudi kwenye kazi yake. Ningeweza kusisitiza. Nilikuwa na mkopo wa nyumba hii na wewe ulikuwa ndiyo umeanza darasa la kwanza, na sababu zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyonizuia kusema. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi. Malori yalimwaga udongo mwezi uliofuata. Nusu ya kinamasi ndiyo yale maghorofa unayoyaona nyuma yako kwenye picha. Nusu ya nduma za Cucu Njoki ziko chini ya maegesho ya magari.

Kwa hiyo uliposema kwamba maabara yenu inapima nusu iliyobaki, na kwamba kuna kikao cha wananchi kabla ya kuamua kama nayo ijazwe, mimi sikuwa mtu wa kukupeleka pale. Nilipaswa kukuambia utafute dereva mwingine. Nilitaka fisi maji wapatikane. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kujua kama wapo. Mtu wa namna hiyo hukanyaga popote bila kuangalia miguu yake.

Unakumbuka tulivyopokewa? Cucu Njoki alinitambua kabla sijafunga mlango wa gari. "Haiya! Mwandishi! Umerudi kuua wao tena na kalamu?" Nikamwambia leo sijabeba kalamu, nimebeba binti. Akakuangalia kuanzia kitambaa mpaka gambuti. "Huyu anaitwa nani?" Uliposema Wanjiru, akasema, "Jina la nyina wa babake. Basi huyu ataniskiza." Na ulimsikiliza. Ulichuchumaa naye kwenye lile jiwe karibu nusu saa, ukaandika kila alichosema, hata habari ya mbwa wa jirani aliyeng'atwa pua. Nilikuwa nimesimama pembeni nikikutazama unafanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kutafuta picha.

Leo mchana nilikwenda Ruiru kumwambia. Hiyo ndiyo safari niliyomwambia mama yako ni ya kutengeneza breki. Nilimkuta anachimba. Ripoti imemfikia, sijui kwa njia gani, labda kijana wa duka alimsomea kwenye simu. Hakunipa nafasi ya kuanza.

"Si niliambia wewe?" alisema. "Ile siku niliambia wewe, hukuandika. Sasa maji yenyewe imesema. Maji haina haja ya kalamu yako."

Nikasema, "Cucu, kuna jambo kuhusu hayo maji."

"Ngoja. Shika hizi." Akanipa nduma, akazifunga kwenye gunia jipya. "Hizi ni za msichana wangu. Yeye ndiye aliniamini. Mwambie huko Kisumu wanakula samaki tu, atakonda."

Nilishindwa. Nimehoji watu waliopoteza kila kitu na maswali yangu yote nikauliza, na leo nimebeba gunia la nduma mpaka kwenye gari bila kusema nilichokwenda kusema. Nduma ziko kwenye mfuko wako wa kijani, chini ya viatu. Nimezipima, ni kilo nne. Sikutaka uzile bila kujua zinatoka kwa mtu ambaye bado hajaambiwa ukweli.

Nataka uelewe ninachosema na nisichosema. Sisemi fisi maji hawapo. Kosa hilo nililifanya mara moja na halirudiwi. Cucu Njoki anasema anawaona, na maganda ya kaa kwenye lile jiwe niliyaona kwa macho yangu, ingawa ndege pia hula kaa. Huenda wapo, na chupa ya tatu ilikuwa sahihi, na gambuti zangu hazikuongeza kitu. Ninachosema ni kwamba chupa ya tatu haiwezi tena kutuambia. Niliiharibu. Ikipelekwa kikaoni hivi ilivyo, na mtu wa ile kampuni akaiona picha iliyoko kwenye simu yako na kwenye kundi la ukoo, akauliza swali lile lile nililojiuliza mimi mezani, basi watakaozama ni watatu: wewe, Daktari Mwende, na Cucu Njoki ambaye hakuna atakayemwamini tena. Na hata kama hakuna atakayeuliza, kasoro inabaki pale pale. Kwenye habari yangu ya kwanza hakuna aliyeuliza.

Kuna kitu kingine, cha nyumbani. Ulipokuwa na miaka saba ulimwaga chai kwenye daftari langu la mahojiano. Sikuwepo. Nilipofika ulikuwa umesimama mlangoni, daftari mkononi limevimba, umekuja kuniambia mwenyewe. Nilikufokea mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko. Kwa mwaka mzima baada ya hapo vitu viliharibika ndani ya nyumba hii bila mwenyewe. Kikombe kilijivunja. Redio ilijizamisha kwenye ndoo. Tulicheka, mama yako na mimi, lakini nilijua ni nani aliyekufundisha. Ulikuja na ukweli ukiwa bado una joto na mimi nikakufanya uujutie. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo. Nakuomba sasa. Nilikupa somo baya nikiwa na miaka thelathini na saba na akili timamu, na halikumstahili mtoto.

Kwa hiyo ukitaka kunifokea kesho asubuhi kabla ya basi, nitakuwa jikoni kuanzia saa kumi na mbili. Foka. Mama yako nitamweleza mwenyewe, na ile fremu nitaishusha mimi. Nikisikia umefunga mlango kwa nguvu nitaelewa. Ukitaka kukaa kimya mpaka Nakuru na kunipigia kutoka huko, pia sawa. Usichopaswa kufanya ni kunihurumia. Nimechoka, hiyo ni kweli, nimechoka na habari na nimechoka na kuwa mtu anayejua jambo na kungoja, lakini uchovu wa mzee si sababu ya ripoti yako kubaki na shimo.

Najua pia inakujia wakati mbaya. Mkubwa wako mpya wa Kisumu ameisoma ripoti na kukuandikia kwamba ni kazi safi. Utaanza kazi yako ya kwanza kwa kusema kazi yako ya mwisho ina kasoro. Nimefikiria kukuacha uende, uanze, halafu nikuambie baada ya mwezi, ukiwa umeshakaa. Nilizunguka na wazo hilo tangu Jumatano, na lilikuwa na sauti ile ile ya mhariri wangu. Kikao cha wananchi ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne, kwenye ukumbi wa chifu. Muda wa kuchota maji upya, kuyachuja na kuyapima upo, lakini ni mdogo, na kila siku ninayokaa nayo naipunguza. Nimeshazitumia nne.

Sijui kama chupa mpya itakuwa na kitu. Ikitoka tupu, Cucu Njoki atatuambia tuende mapema zaidi, na atakuwa na haki. Tukifika hapo nitaandika kwamba haikuonyesha kitu, nitaandika ilichotwa saa ngapi na hatua ngapi kutoka kwenye jiwe, na nitaandika alichosema yeye, kwa jina lake, mstari wa pili. Hiyo ndiyo habari niliyopaswa kuiandika ukiwa na miaka sita. Hailipi nduma zilizo chini ya maegesho. Sitajifanya inalipa.

Picha nimeitoa nakala kubwa, nyuma yake nimeandika siku, saa na mahali niliposimama, na nimetia sahihi. Nakala nyingine iko ndani ya bahasha hii. Gambuti sijaziosha. Nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki, maana nadhani Daktari Mwende atataka kuzipima zenyewe, na kama nimekosea kuhusu hilo utanisahihisha.

Ripoti ina jina lako, ndiyo maana umeambiwa kwanza. Una barabara nzima ya Jumapili ya kuamua kama utampigia Daktari kabla yangu. Ningependa umpigie wewe, lakini sitakusukuma. Kwa vyovyote, ofisi yake inafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitakuwa mlangoni saa mbili kasorobo, na mfuko wa gambuti. Nikitoka hapo naenda Ruiru, kwa Cucu Njoki.

Baba yako